Mwaka Mzima Juu ya Tope

Verlene Gathings alikuwa na utaratibu wake wa jioni, na tangu krapi, wale samaki bapa wa ziwa lao, walipoanza kupanda hakuwa ameubadilisha hata kidogo. Alikula akiwa amesimama mbele ya sinki, akaosha sahani moja na uma mmoja. Akawasha redio ya jikoni na kuiacha ikihubiri peke yake, ili atakaporudi usiku asikute nyumba imenyamaza. Kisha akatoka uani, akajaza ndoo ya visamaki vya chambo, akainamisha sikio kusikiliza kama pampu yake ndogo ya hewa inakoroma, akapachika trela ya boti nyuma ya pikapu ya marehemu mumewe na kushuka nayo polepole kuelekea ziwani. Majirani waliokaa barazani aliwasalimu kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani. Nao wakainua mkono. Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote.

Kwenye mteremko wa kushushia boti alianza na kizibo cha tundu la boti, kama marehemu Alton alivyokuwa akisisitiza. Alton alikuwa na sababu. Mwaka fulani alikisahau, boti ikajaa maji ikiwa bado imefungwa kwenye trela, na nusu ya kanisa ilikuwa palepale ikimtazama. Verlene alitabasamu kila alipokikaza, peke yake, na jioni ile pia alitabasamu. Akawasha mashine, akaizunguka rasi yenye miwaloni, mkono mmoja ukiongoza na mwingine ukipapasa chini kutafuta kamba ya kufungia.

Mkono ule ukasimama.

Ndani ya ghuba ndogo, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa giza lake peke yake, palikuwa na taa. Ilikuwa ya kijani, imeshushwa ndani ya maji, na maji yaliyoizunguka yalikuwa yameiva rangi kama chupa. Kando yake palikuwa na boti, na ndani ya boti palikuwa na mtu amekaa kimya, kofia yake imevutwa hadi nyusi. Verlene hakuhitaji kuuona uso. Aliyajua yale mabega yaliyoinama upande mmoja kama mlango ulioachia bawaba. Alikuwa Ezell Tabor.

Katika ziwa lile kuna adabu zake. Ukiikaribia taa ya mwenzako usiku, unazima mashine ukiwa bado mbali, unapiga kasia, unakohoa kidogo ajue ni mtu, halafu unasubiri akuambie neno. Verlene alizijua adabu zote hizo. Akaziacha zote. Alikwenda na mashine ikinguruma hadi mawimbi yake yakaipandisha na kuishusha boti ya Ezell, na taa ya kijani ikayumba huku na huku kama kengele.

"Hata askari wa ziwa huzima mashine," Ezell alisema.

"Askari wa ziwa hana miti hapa. Mimi ninayo."

Ezell alivua kofia, akaiweka juu ya goti. "Habari za jioni, Dada Gathings."

Verlene angependa zaidi atukanwe. Dada Gathings ni jina alilosomewa kanisani kwenye matangazo, akitakiwa alete mkate wa mahindi. Mtu huyu, kwa karibu miaka thelathini, alikuwa akimwita shemeji, ingawa kati yao hapakuwa na undugu wowote. Alikuwa tu rafiki wa Alton, mtu ambaye mkewe alikwenda Chicago zamani na hakurudi, na ambaye kila Ijumaa usiku alipanda ngazi za nyuma za nyumba yao akiwa na ndoo ya samaki, akiuliza kabla hajaufikia mlango, "Shemeji, mafuta yamepata moto au nikalale?"

Hakujibu salamu. Aliielekeza boti kwenye kisiki chake, kilichotokeza juu ya maji umbali wa kurusha ndoana tu kutoka pale alipokaa Ezell, akafunga kamba kwa fundo ambalo mikono yake ililifanya bila kuulizwa.

Mambo ya miti yalikuwa hivi. Ziwa lao ni la bwawa. Kila majira ya baridi maji huachiwa, na ziwa hurudi nyuma hadi sakafu yake ikabaki wazi, kavu, yenye nyufa kama kisigino. Hapo ndipo wanaume huchukua miti ya Krismasi iliyotupwa nje baada ya sikukuu, huiburuta hadi chini kabisa, huifunga kwenye matofali ya saruji na kuilaza karibu na alama wanayoijua wenyewe. Majira ya kuchipua maji hurudi, hufunika kila kitu, na krapi huenda kuishi ndani ya matawi yale. Mwenye kulaza miti ndiye mwenye mahali. Hakuna karatasi inayosema hivyo na hakuna anayebisha. Na kila mmoja huificha alama yake. Wanaume wa pale wangekutajia dhambi zao kabla ya kukutajia miti yao ilipo.

Alton na Ezell walikuwa wakilaza yao pamoja. Januari ya mwaka uliopita Verlene mwenyewe alishuka kwa miguu juu ya ile sakafu kavu, amejifunga shali mbili, akiwapelekea kahawa. Walikaa watatu juu ya kisiki wakinywa, wamebanana kwa baridi. Ezell alilalamika kwamba mti mmoja bado ulikuwa na mapambo na kwamba krapi wa ziwa lile sasa watajiona matajiri. Alton alikipiga kisiki kofi akasema, "Ukinitafuta na usinione, Vee, nitakuwa hapa." Ulikuwa mzaha. Kabla Februari haijaisha moyo wake ulisimama akiwa anafunga viatu.

Maji yaliporudi, Verlene, ambaye maisha yake yote alikuwa mkaangaji na si mvuaji, aliitoa boti gereji. Alikwenda ghubani, akakiona kisiki kimetoa kichwa, akajifunga hapo. Tangu usiku ule alikuwa akija kila hali ya hewa ilipomruhusu. Alijifunza kumchoma kisamaki ndoana chini ya pezi bila kumuua. Alijifunza kusubiri, maana taa huvuta wadudu kwanza, wadudu huvuta visamaki, na krapi huja mwisho kabisa, wakitoka chini gizani kama watu wanaochelewa ibada makusudi. Alijifunza kwamba krapi huuma akipanda, kwa hiyo mshipi hauvutwi, unalegea tu, na ukiwa na pupa ya kuvuta unaurarua mdomo wake ulio laini kama karatasi. Hakupata samaki wengi. Hakujali. Alikaa pale akimweleza Alton habari za siku, kwa sauti ya chini, huku akiyatazama maji chini ya boti, mahali alipojua miti yake ilipolala.

Sasa alishusha taa yake. Ilikuwa ya zamani, nyeupe, kali, na aliiacha ing'ae yote.

Mtu yeyote wa ziwa lile angewaambia walichokuwa wakikifanya. Taa mbili zilizokaribiana huwagawa wadudu, visamaki havijui viende wapi, na krapi hubaki katikati gizani. Atakayeshinda hatakuwepo. Wote wawili walijua. Wakakaa, kila mmoja na fimbo yake, kila mmoja akiitazama ncha ya mshipi kana kwamba kuna jambo linakaribia. Vyura walilia. Panzi na nondo waligonga taa na kuanguka. Ezell alikohoa. Verlene alifungua kopo la dagaa, akala na biskuti za chumvi, akatafuna kwa bidii kuliko njaa aliyokuwa nayo.

Baada ya muda mrefu Ezell alisema, "Dada Gathings, hiyo taa yako ingetosha ndege kutua."

"Basi wewe nenda kiwanja kingine."

"Nafikiria tu hao samaki. Watahitaji miwani ya jua."

"Samaki wa Alton wamezoea taa ya Alton."

Verlene alijiona ameshinda na hakufurahi. Aliendelea kuongea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na maneno yakatoka yamekauka kwa kukaa ndani siku nyingi. Alimwambia kwamba anajua haki za ziwa, kwamba anajua Ezell naye alilaza miti hii na hawezi kumfukuza. Lakini mtu mwenye haya asingekuja kimyakimya, bila hata kupita nyumbani kuuliza, akaketi juu ya mahali pekee ambapo mwenzake amebaki napo. Alisema hajawahi kumwomba mtu kitu tangu mazishi. Hakuomba boti, hakuomba kufundishwa, hakuomba hata mtu wa kumshikia kamba.

Ezell alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, na taa ya kijani ikazimika.

Ghuba nzima ikawa ya Verlene. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akisukumana naye mlangoni ameachia ghafla. Mwenye kuzima taa amejitoa. Kwa adabu za pale, samaki wote ni wa aliyebaki anamulika, na aliyezima anakaa kama mgeni. Verlene aliusikia mshipi wa Ezell ukikunjwa. Alitegemea kusikia mashine yake ikiwaka. Haikuwaka.

Wadudu walihamia kwake wingu zima. Visamaki vikaja, vikazunguka mwanga kama sindano. Alisubiri. Mshipi ulilegea mara moja, akanyanyua kwa upole, akapata krapi mdogo wa kiganja, akamrudisha majini. Baada ya huyo hakuuma mwingine.

Akaona haya kuwa na mwanga wote ule na ndoo tupu, mbele ya mtu anayejua. "Leo wamegoma," alisema. "Siku nyingine huwa nawapata. Na nikuambie, kuvua najua. Tangu nianze sijapoteza ndoana hata moja hapa. Hata moja."

Ezell aligeuka kumtazama. Alikaa kama mtu aliyeshika kitu kizito na hajui pa kukiweka.

"Hata moja?" aliuliza.

"Nimekuambia."

"Haijawahi kunasa?"

"Haijawahi."

"Alton alikuwa akipoteza ndoana kila usiku," Ezell alisema taratibu. "Kila usiku. Alikuwa akinikopa zangu. Miti ni miti, shemeji. Ina matawi."

Neno hilo, shemeji, lilimponyoka bila yeye kujua. Verlene alilisikia, lakini kabla hajalishika, yale mengine yalikuwa yameshafika. Aliyatazama maji chini ya boti yake. Aliushusha mshipi hadi ndoana ikagusa chini, akaivuta huku, akaivuta kule. Ilikwenda popote alipotaka. Ilipita chini kule kama kijiko ndani ya uji.

"Kisiki ni hiki," alisema. "Tulikaa juu yake. Mimi, na yeye, na wewe."

"Kile tulichokikalia kilikuwa kimo cha kiti. Miguu yako ilikuwa inafika chini, nakumbuka, ulikuwa unaipigapiga kwa baridi. Leo maji ya hapa yanazamisha nyumba. Kitatokezaje?" Alingoja kidogo. "Hicho ulichojifungia ni mti mwingine, ulikufa kwenye ule mwinuko. Wakati wa baridi ungeuona uko juu kule, nyuma yetu, mrefu. Kile kisiki chetu kimezama. Kiko hapa chini yangu. Na miti iko hapa."

"Na huku?"

"Huko ni tope. Mwaka mzima umejifunga juu ya tope."

Verlene aliweka fimbo chini. Hakuweza kulia mbele ya mtu aliyemwita Dada Gathings, kwa hiyo alifanya lililo karibu, akacheka, kicheko kifupi kilichomtia hata yeye baridi. Mwaka mzima. Alikuwa amelieleza tope habari za paa linalovuja. Alikuwa ameliambia tope kwamba binti yao wa Memphis amepata mtoto wa kiume na amempa jina la babu yake. Usiku mmoja wa Agosti, joto lilipokuwa halivumiliki, aliliambia tope mambo ambayo hata Alton akiwa hai hakuwahi kuambiwa.

Ndipo jambo la pili likamfikia, polepole, kutoka nyuma ya lile la kwanza.

"Umejuaje kwamba nimekuwa nikijifunga hapa mwaka mzima?"

Ezell aliigeuza kofia yake gotini. Aliigeuza tena.

"Ezell."

"Baraza langu linaitazama ghuba," alisema. "Unapajua kwangu."

Alipajua. Nyumba ndogo juu ya kilima, kiti kimoja barazani. Ezell alieleza kwa vipande vipande, akiyaambia maji zaidi ya kumwambia yeye. Majira yale ya kwanza aliiona taa nyeupe ikiingia ghubani, akafikiri amechanganyikiwa, akafikiri ni Alton. Kisha akaona inakwenda mahali pasipo na miti, akajua ni nani. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa barazani hadi taa ile iondoke, izunguke rasi, ifike kwenye mteremko. Alingoja mpaka aone taa za pikapu zikipanda barabara. Halafu ndipo alikwenda kulala. Usiku mmoja wa radi mwezi wa Juni alikuwa ameshashuka hadi kwenye boti yake, viatu mkononi, pale alipoiona taa nyeupe ikigeuka kurudi.

Verlene alikumbuka radi ile. Alikuwa amelala chini kabisa ndani ya boti, uso kwenye mbao, akiamini kwamba hakuna mtu duniani anayejua yuko wapi.

"Kwa hiyo uliniona," alisema. "Kila usiku."

"Karibu kila usiku."

"Ukaniona nimekaa juu ya tope."

"Nilikuona."

"Na hukuona ni vizuri kushuka ukaniambia, wewe mwanamke, hapo ni tope."

"Nilitaka. Jumapili nyingi nilitaka, kanisani. Lakini ningeanzaje? Halafu nikaona kama umepata utulivu fulani hapo, nikasema mimi ni nani hata nikuvurugie." Alisita. "Leo nilishindwa. Nikasema nitakuja mapema, niishushe taa yangu juu ya miti, niiache ielee hapa kwenye boya, mimi niondoke. Ukija utaona mwanga, utakasirika, utakuja kuangalia, utanasa ndoana, utajua. Bila kelele. Ila umewahi."

Verlene alimtazama. Huyo alikuwa Ezell kabisa. Mtu ambaye angechimba shimo chini ya uzio mzima kuliko kugonga geti.

Alifungua kamba kwenye kisiki. Aliifungua kwa vidole vyenye hasira, kisha akakitazama kile kisiki kilivyo, mti mkavu tu, uliotobolewa na ndege, usio na habari naye. Akazima taa yake nyeupe. Akachukua kasia, akapiga polepole gizani, na alipokaribia akakohoa, kidogo, kama inavyotakiwa.

"Karibu," Ezell alisema, na akanyoosha mkono kuushika ukingo wa boti yake. Boti mbili zikagusana kwa mlio laini. Akawasha tena taa ya kijani. Nyuso zao zikawa kijani, kama wagonjwa wote wawili.

Verlene alichoma chambo kwenye ndoana na kuishusha kando ya mwanga. Ilikwenda chini, chini, na kabla haijafika ikashikwa. Haikuwa samaki. Alivuta kidogo, na kile kilichokuwa kule chini kilikubali kidogo, kikarudi, kama tawi linavyofanya. Alivuta tena na likainama tena. Mshipi ulikaza ndani ya kiganja chake.

"Umenasa," Ezell alisema. "Nipe nikutolee, kuna namna ya kuupiga mshipi."

"Uache."

Akauacha. Verlene alikaa ameushika, na upande wa pili wa mshipi ulikuwepo mti ambao Alton aliuburuta kwa mikono yake, huku akilalamika mgongo. Alidhani atakuwa na mengi ya kumwambia sasa, akiwa amefika kweli. Alingoja maneno yaje. Hayakuja. Maneno aliyokuwa nayo hayakuwa ya Alton hata kidogo.

Ezell ndiye aliyezungumza, akidhani Verlene anataka kuachwa peke yake. Alisema sasa Verlene amepajua mahali, na yeye Ezell hatamsumbua tena. Miti ni ya Verlene, kwa sheria ya ziwa na bila sheria. Januari ijayo ataleta mingine ailaze, Verlene asihangaike kushuka. Alisema kama ataona taa yake huku, atajua yu salama, na hilo linatosha. Alisema mambo yote hayo kwa upole mkubwa, huku mkono wake ukianza kuachia ukingo wa boti.

"Wakati wa mazishi," Verlene alisema, "ulivaa glavu nyeupe."

Mkono ukasimama.

"Ulibeba jeneza upande wa kushoto. Halafu ukaja ukanishika mkono na hizo glavu, ukaniita Dada Gathings. Mara ya kwanza katika maisha yako. Nikadhani ni kwa sababu ya mchungaji kuwa karibu. Nilikuwekea sahani. Chakula kilipoanza nikaulizia, wakasema Ezell ameshaondoka."

"Nisingeweza kula."

"Nani angeweza? Hata mimi sikula. Nilitaka tu ukose kula ukiwa pale, pamoja nami."

Ezell alisema kwamba ilikuwa ngumu. Alisema yeye ni mwanamume asiye na mke, na kupanda ngazi za nyuma za mjane usiku wa Ijumaa si jambo ambalo watu wao wangelitazama na kunyamaza, na yeye alitaka jina la Verlene likae safi.

"Nawajua watu wetu," Verlene alisema. "Waliniletea keki mpaka friji ikakataa kufunga, kisha wote wakaacha katika wiki ile ile moja. Jina langu limekaa safi kabisa, Ezell. Hakuna anayelitaja."

Samaki walikuwa wamefika. Wote wawili waliwaona, bapa, weupe wenye madoa, wakipanda kutoka kwenye matawi na kusimama ukingoni mwa mwanga, wengi kuliko alivyowahi kuwaona mwaka ule mzima. Hakuna aliyegusa fimbo. Ezell aliwatazama kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama yeye.

"Nilifika getini," alisema. "Zaidi ya mara moja. Naona pikapu ya Alton imesimama palepale. Nageuza."

"Ningekuwa nimekaa jikoni."

"Najua. Taa ilikuwa inawaka."

Verlene alihisi hasira ikipanda tena, ile ile iliyomleta na mashine ikinguruma, na safari hii aliiangalia vizuri kabla haijatoka. Tangu jioni alikuwa ameongea kuhusu miti, na haki, na adabu, na taa ya nani iko wapi. Hakuna hata kimoja alichokuwa akikitaka. Alijiona kama msichana anayeitwa mbele ya darasa. Alikuwa mtu mzima mwenye mjukuu, na hajawahi kusema jambo kama hili kwa mtu yeyote, kwa sababu na Alton hakuwahi kuhitaji kulisema. Mkono wa Ezell ulikuwa bado kwenye ukingo wa boti, vidole viwili tu.

"Usiachie," alisema.

Akamwona anashika vizuri.

"Walinipa pole ya mume," Verlene alisema. "Kila mtu. Walikuja na kadi na maua, pole sana, Alton alikuwa mtu mwema. Lakini siku ile nilifiwa na mmoja na mwingine akaondoka akiwa hai, na hakuna aliyenipa pole ya huyo. Hakuna aliyejua kama ni msiba. Walidhani ulikuwa rafiki yake tu." Alivitazama vidole vya Ezell kwenye ukingo wa boti. "Ulikuwa rafiki yangu pia, Ezell. Sikuja hapa kugombania miti. Nimekukosa wewe."